Pampu yangu ya zabibu inalipa leseni ya gari: tuongee bei ya wese hapa Dodoma

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Mwenye nafasi avute kigoda.

Niko Dodoma, nyumba Nkuhungu, shamba Mpunguzi. Nina ekari mbili za zabibu na bajaji mbili ambazo vijana wananiletea hesabu kila jioni. Mafuta kwa hiyo yananichapa huku na huku. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA (wale wadhibiti wa nishati) wakitoa bei kikomo, mke wangu huwa haniongeleshi mpaka nimalize kusoma jedwali. Anajua mboga ya wiki hiyo itatokana na mstari wa Dodoma.

Bei ya leo siiweki hapa. Ukiusoma uzi huu mwezi ujao itakuwa imeshahama.

Wiki iliyopita nilikwenda sheli na dumu la lita 20. Kijana wa pampu akanizungusha kidogo kuhusu dumu, kama kawaida yao, mwisho akajaza. Nikakaa kwenye kivuli cha ukuta nikisubiri bajaji yangu mojawapo inipitie, nikageuza risiti nyuma nikaanza kupiga hesabu kwa kalamu ya kuazima. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nilete huu uzi.

Pampu yangu ni ya petroli, inchi mbili, ile ya kuvuta kamba. Kiangazi inakunywa lita moja na ushee kwa saa, na zamu moja ya kumwagilia siyo chini ya saa tano. Haina tairi. Haina namba. Tangu nimeinunua haijawahi kukanyaga lami, imefika shambani juu ya bodaboda na haijatoka tena. Lakini kila lita inayoingia kwenye tenki lake imeshalipa tozo ya barabara.

Siyo hiyo tu. Mnakumbuka 2017? Bajeti ya mwaka ule ilifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, watu wenye magari wakashangilia mitaani, hakuna tena kusimamishwa na kuulizwa stika. Nami nilishangilia, sijui kwa nini, maana gari sikuwa nalo. Kilichofanyika ni kwamba ushuru wa bidhaa uliongezwa shilingi 40 kwa lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa ili kuziba pengo lile. Yaani leseni haikufa, ilihamia kwenye bomba la sheli. Na kwenye bomba la sheli tunapanga foleni wote: mwenye V8, mwenye mashine ya kusaga kule Bahi kitongoji ambacho umeme haujafika, na mimi na pampu yangu.

2021 ikaja shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mitaani, zile za TARURA. 2023 ikaja 100 nyingine, ya miradi ya kimkakati. Jumlisha hizo tatu tu, acha zilizokuwepo kabla: 240 kwa lita. Dumu langu moja, shilingi 4,800. Kwa msimu sitaki hata kuwaambia, mtacheka.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi serikali isikusanye kodi, na wala sisemi bei yote ni kodi. 2022 vita ya Ukraine ilipoanza tuliona wote, Mei petroli Dar ilifika 3,148 na serikali yenyewe ikabidi itoe ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi Juni. Hilo lilikuwa la dunia, halikuwa la mtu wa hapa. Ninachouliza mimi ni hiki: kwa nini kila shimo la bajeti linazibwa kwa mafuta? Jibu langu ni kwamba mafuta hayakwepeki. Muuza duka anaweza kukuambia mashine ya risiti mbovu. Petroli inakamatwa bandarini kabla hata mimi na wewe hatujaiona, lita kwa lita, haina ujanja. Waziri yeyote wa fedha, awe mwema kama malaika, akiona mlango mpana namna hiyo atapita.

Na kama ndivyo, hizi hadithi za nishati mbadala (gesi ya magari, bajaji za umeme, sola) zinanipa mawazo. Siku sote tukihama petroli, tozo itabaki sheli ikitulilia? Au itahama na sisi?

Karibuni. Matusi peleka kwenye jukwaa la mpira.

#2 Boda wa Area C

Mkuu umeandika kama unagombea ubunge. Ila hapo kwenye hesabu umesahau kitu. Mafuta yakipanda, abiria ananiambia "jana ulinipeleka kwa elfu moja." Yakishuka, abiria huyohuyo ananiambia "si mafuta yameshuka?" Mimi sijawahi kushinda.

#3 Dereva wa lori la mafuta

Mleta mada heshima yako, lakini ngoja niwekane sawa na wasomaji wengine maana kila Jumatano EWURA wanatukanwa bure. EWURA hawauzi mafuta. Wanapiga hesabu ya juu kabisa ambayo mwenye sheli haruhusiwi kuivuka, anaruhusiwa kuuza chini yake.

Mafuta yananunuliwa kwa pamoja. Kabla ya 2012 kila kampuni ilikuwa inaleta meli yake, ndogondogo, zinajipanga baharini zinakula gharama ya kusubiri, na gharama ile unalipa wewe wa Mpunguzi. Siku hizi kuna zabuni moja kupitia PBPA, wakala wa serikali wa kuagiza mafuta kwa pamoja, meli kubwa inashusha Dar, Tanga au Mtwara, makampuni yanagawana. Shehena inaagizwa miezi kabla. Ndiyo maana unasikia kwenye redio bei ya dunia imeshuka leo na sheli hakuna kilichobadilika: mafuta unayoweka yalinunuliwa wakati bei iko juu. Na kinyume chake pia, ila siku hiyo hakuna anayenipigia simu kunishukuru.

Na yote hayo ni kwa dola. 2023 mlikumbwa na uhaba hapa, watu wanalala sheli. Shida kubwa dola zilikuwa hazipatikani, na wapo waliofungia mafuta kwenye matenki wakisubiri bei mpya. Mwisho wa mwezi ule nilikuwa na mzigo, nafika kituo kimoja (sikitaji) usiku, naambiwa paki hapo nje, usishushe mpaka kesho kutwa. Kesho kutwa ilikuwa Jumatano. Nilikaa nakula mahindi ya kuchoma siku mbili na maelfu ya lita za wese mgongoni, na ng'ambo ya barabara foleni ya bodaboda wananiangalia kama mimi ndiye mwizi.

Mtu asiseme tena "Dodoma ghali kwa sababu ya usafiri." Kutoka Dar ni kama kilomita 450, tofauti ya bei ni makumi ya shilingi kwa lita, basi. Waulize wa Kyerwa huko Kagera ndio wenye haki ya kulia usafiri.

#4 Kijana wa Chemba

Bomba la mafuta la kutoka Uganda si linapita huku kwetu Chemba na Kondoa? Nimeliona kwa macho yangu, mitaro imechimbwa. Si tutoboe tu wakuu, tuwe na sheli yetu 😂

#5 Dereva wa lori la mafuta

Utatoboa utapata kitu kama lami ya moto. Yale ni mafuta ghafi, tena mazito yenye nta, bomba lote la kilomita 1,443 linapashwa joto ili yasigande njiani. Yanakwenda Chongoleani, Tanga, yapande meli yauzwe nje. Sisi mtambo wetu wa kusafishia mafuta ulikuwa Kigamboni, TIPER, ukaacha kusafisha 1999, sasa ni matenki ya kuhifadhia. Hata mafuta yangegunduliwa Kibaigwa sokoni leo, tungeyapeleka nje yakasafishwe tuuziwe.

#6 Mtumishi wa Mtumba

Nasoma kimya muda mrefu lakini hapa acha niseme, najua nitashambuliwa.

Mleta mada ametaja tozo tatu, akaruka moja ambayo ni shilingi 100 kwa lita, ada ya petroli, inayokwenda REA, wakala wa umeme vijijini. Mimi natoka kijiji kimoja cha Kondoa. Mama yangu amezaa watoto sita kwa mwanga wa kibatari. Nguzo zilipofika kwetu, kitu cha kwanza alichonunua ni jokofu la mkono wa pili, leo anauza barafu na juisi ya ubuyu kwa wanafunzi. Ile waya imelipwa na nani? Na wewe na dumu lako. Kuna korongo kati ya kwetu na zahanati, masika lilikuwa linafunga njia wiki nzima. Sasa kuna kalavati. Nalo ni dumu lako.

Mnataka kodi itoke wapi? Wengi wetu humu hatuna hata namba ya mlipakodi. Ukiacha mafuta, utakwenda kwa mwenye mshahara, yaani mimi, ambaye nakatwa kabla sijaona hela. Na petroli kwetu haina VAT, mkumbuke. Tozo ni shilingi kamili, siyo asilimia. Bei ya dunia ikipanda mara mbili, tozo haipandi hata senti.

#7 Mleta mada

Mkuu wa Mtumba, hakuna wa kukushambulia, umesema vizuri na mama yako Mungu amtunze. Ila shilingi kamili ina upande wa pili: bei ya dunia ikianguka, tozo haianguki pia. Ukiona mafuta yameshuka kidogo tu wakati dunia yameporomoka, ujue pale chini kuna sakafu ya zege.

Na mimi sikatai kulipia kalavati la mama. Nakataa kulipia kwa pampu. Mwenye lori linalovunja ile barabara na mimi ninayemwagilia zabibu tunalipa sawasawa kwa lita, na mimi zabibu zangu msimu uliopita zilinunuliwa kwa bei ambayo mnunuzi aliitaja akiwa ndani ya gari, kioo nusu.

#8 Bajaji ya gesi, Dar

Kaka zangu wa Dodoma salaam, mimi mwenyeji wa huko ila natafutia Dar. Nimefunga gesi kwenye bajaji, huu mwaka wa pili. Mtungi upo nyuma ya kiti cha abiria, mizigo inakaa miguuni. Gesi nanunua 1,550 kwa kilo, na kilo moja inanisukuma mbali kuliko lita ya petroli. Hesabu ya tajiri naimaliza kabla ya saa nane mchana, zamani ilikuwa mpaka magharibi.

Ubaya wake ni foleni. Vituo ni vichache, kuna siku nimekaa kwenye mstari kuanzia saa tisa usiku. Unalala kwenye bajaji, mbu wanakumaliza, mwenye gari binafsi anakuja na shuka na thermosi ya chai kabisa. Saa nne asubuhi unatoka na mtungi umejaa na macho mekundu. Yaani unachookoa kwenye hela unalipa kwa usingizi.

Gesi yenyewe ni yetu. Songosongo iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika 2004. Bomba la Mtwara kuja Dar lilikamilika 2015. Tuna gesi futi za ujazo trilioni 57 chini ya ardhi na bahari, halafu mimi nalala na mbu.

#9 Boda wa Area C

Na huku Dodoma bomba halijafika. Gesi ya kuletwa kwa malori, na lori lenyewe linakunywa dizeli. Nimecheka mwenyewe.

#10 Mleta mada

Mdogo wangu wa Dar, umeniletea ushahidi niliokuwa nautafuta. Juni 2024, kwenye bajeti ya 2024/25, lilisomwa pendekezo la kutoza shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari. Nilikuwa nasikiliza redio kwenye bajaji, pale Sabasaba. Kijana wangu aliyekuwa anaweka akiba afunge mtungi alizima redio. Vituo vyenyewe Dar vilikuwa vinahesabika kwa vidole, na tayari kuna mtu kakaa Dodoma hii hii anapima upana wa mlango.

Maelezo yalikuwa kwamba magari ya gesi nayo yanatumia barabara. Ni kweli, siwezi kubisha, nitakuwa najipinga mwenyewe. Bajaji ya gesi inakanyaga lami, pampu yangu haikanyagi. Lakini mbona basi hoja ya kukanyaga lami inakumbukwa kwa gesi tu, kwenye pampu haikumbukwi?

Na umeme nao msidhani uko salama. Kodi ya jengo tayari inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi sasa ni 1,500. Mpangaji wangu anailipa ndipo aje anidai mimi, mara nyingi anasahau, nami simkumbushi (Mungu anisamehe). Bwawa la Nyerere megawati 2,115, treni ya umeme inakuja Dar mpaka hapa tangu Julai 2024, ni jambo jema kabisa, nimepanda na nimelala kama mtoto. Ila bajaji za umeme zikijaa mji mzima, LUKU ipo pale inasubiri.

#11 Mzee wa Kongwa

Wanangu, hamjambo. Mnazungumza kana kwamba haya yameanza juzi.

2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita mpaka 400 na ushee. Sababu ilikuwa ya kweli: wafanyabiashara walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, uchakachuaji, magari yanakufa injini. Mchakachuaji alibanwa. Lakini kibatari cha bibi kule Mlali kilibanwa pamoja naye, na bibi hakuwa amechakachua kitu. Watu walirudi kwenye kuni hata kwa kusomea. Tangu siku ile nikajua kwamba mlango wa mafuta ukifungwa kwa sababu ya mwizi, mwenye nyumba pia analala nje.

Na nishati mbadala tuliwahi kuhubiriwa. Mbono! Mmea ule ule tunaopanda makaburini na kwenye maboma ya ng'ombe. Tukaambiwa mbegu zake ni dizeli, Ulaya wanazililia. Kisarawe huko wawekezaji walichukua maelfu ya hekta za vijiji, mwaka 2011 kampuni ikafilisika, watu hawana ardhi, hawana kazi. Huku kwetu walikuja vijana na shati jeupe, wakatugawia mbegu kwenye mifuko ya nailoni. Mimi nilipanda mistari miwili. Ipo mpaka leo, ni uzio mzuri, mbuzi hawaigusi.

#12 Mama wa Hombolo

Shikamoo mzee wa Kongwa. Mleta mada, mimi nilikuwa na pampu kama yako, kamba ile ilinitegua bega. Sasa nina mwaka wa tatu na sola, ngoja nikueleze bila kukupamba.

Nina paneli nane kwenye fremu ya chuma, nimezigeuza kaskazini. Pampu imezama kisimani. Saa tatu asubuhi maji yanaanza kupanda yenyewe, saa sita yanabubujika, saa kumi yanaanza kuchoka. Nayapandisha kwenye simtanki juu ya mnara, jioni nafungua matone. Kazi yangu ni kupangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, na vumbi la Hombolo mnalijua, na kufukuza mbuzi wanaolala kwenye kivuli cha paneli. Mlinzi namlipa, maana nyaya za shaba zina wapenzi wake.

Mtaji ndio uliniumiza. Nilikopa kwenye kikundi chetu, nikauza ng'ombe wawili, mume akasema nimerukwa na akili. Nimemaliza deni mwaka jana. Hela niliyokuwa naipeleka sheli sasa naiona. Na hiyo tozo yako kweli silipi hata senti, jua halina mita.

Lakini kuna jambo hakuna fundi aliyeniambia. Petroli ilikuwa inanifundisha adabu. Ukisikia injini inanguruma unahesabu hela, unazima. Jua halikuhesabishi. Mwaka wa kwanza niliacha pampu ikivuta kutwa, mpaka njia zikawa matope, na majirani wawili nao wakafunga. Kiangazi kile kisima cha jirani wa chini kilikauka, cha kwangu maji yakashuka mpaka nikaongeza bomba. Tuligombana vibaya, tumepatanishwa na balozi. Sasa tuna zamu, siku yangu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

#13 Mtumishi wa Mtumba

Mama, hapo umenikumbusha kwamba sehemu kubwa ya mji huu inakunywa maji ya visima vya Makutupora. Kila mtu akiwa na jua la bure…

#14 Mama wa Hombolo

Ndiyo hivyo mwanangu. Msije mkaleta tozo ya jua lakini 😂 Zamu zetu zinatutosha.

#15 Dereva wa lori la mafuta

Mama huyu akigombea kura yangu anayo.

#16 Mleta mada

Mama wa Hombolo, nimesoma mara tatu, nimemsomea na mke wangu kwa sauti. Kauliza swali moja tu: "Ng'ombe wako wako wapi?" Sina ng'ombe. Nina bajaji mbili. Tumelala na hilo.

Leo asubuhi nimemwita kijana anayeendesha ile ya zamani, nimemwambia naiuza, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Kaomba miezi minane alipe kidogokidogo. Nimekubali sita. Nikipata hela ya kwanza nakuja Hombolo kuangalia hizo paneli kwa macho.

#17 Boda wa Area C

Mkuu, basi hiyo pampu ya kamba niachie mimi, nina bustani ya mchicha Makulu.

#18 Mama wa Hombolo

Pampu usiiachie, mleta mada! Februari mvua inakata, mawingu yanabaki. Wiki hiyo ndiyo utakayomkumbuka kijana wa sheli.

#19 Mleta mada

Umesikia mwenyewe, mkuu wa Area C. Nimeifunika turubai, dumu liko pembeni yake.